Nyekundu Nitakupa Mkononi

Saa tano usiku nilisikia sauti ikipenya ukuta wa mabanzi kutoka kwa jirani, nikadhani ni mtu anagombana na mkewe, nikajifunika, ikaja tena, nikakaa kitandani wima, kwa sababu maneno yale nilikuwa nayajua. Ilikuwa redio. Kipindi cha mashairi ya mapenzi, yule mtangazaji mwenye sauti kama ana mafua, anasoma polepole, na anachosoma nilikiandika mimi, kwa mkono wangu huu, miezi minne iliyopita, nikakituma kwa simu nikiwa na wazimu gani sijui, wakakaa kimya mpaka nikasahau. "Shairi hili," akamaliza, "limetoka kwa mama mmoja wa Maji ya Chai." Bariki, mume wangu, alikuwa amelala kama gogo. Aminiel, mwanetu wa miezi minane, naye amelala. Mimi peke yangu macho kodo, natamani kubomoa ukuta nikaizime redio ya watu.

Niseme mapema kilichonitia hofu, maana aibu ya mapenzi mtu huizoea. Bariki hatofautishi nyekundu na kijani. Si kipofu, anaona mbali kuliko mimi, lakini rangi hizo mbili kwake ni kama mapacha ambao anayewajua ni mama yao tu. Darasa la pili alichapwa kwa kupaka mti wake majani mekundu, akajifunza kunyamaza, akanyamaza miaka yote hiyo, mimi ndiye wa kwanza kuambiwa na wa mwisho. Kahawa anaichuma kwa vidole. Tunda lililoiva ukilibonyeza linakubali, bichi linagoma, na misimu sita hajawahi kurudishiwa debe hata moja. Sasa Jumamosi kamati ya chama cha wakulima inamchagua mpokeaji wa kahawa pale kwenye mashine ya kumenyea, mtu wa kukagua kila debe linaloletwa, nyekundu zipokelewe, za kijani zirudi na mwenyewe, na kazi ile ina mshahara wa kila mwezi, kitu ambacho nyumba yetu haijawahi kukiona, na majina yaliyobaki ni mawili, Bariki na Joel wa kule juu. Na mjumbe mmoja wa kamati hiyo hunywa kahawa kwangu kila jioni.

Kwangu ni kijiweni. Ubao mrefu umelazwa juu ya matofali, kwenye baraza la duka la rangi na misumari, ng'ambo ya kituo cha mabasi. Mimi nakaa mwisho wa ubao na jiko langu, birika, vikombe, sahani ya kashata, mtoto mgongoni. Mwenye duka ni Harshad, tunamwita Kopo, kwa sababu hawezi kumaliza sentensi bila kutaja kopo la rangi. Mkewe Rekha ndiye anayeuza, Harshad mwenyewe anakaa nje na sisi. Wa pili ni Koikai, Mmaasai, anauza shanga na bangili kwa abiria wa mabasi, jina lake la kazi Bei Poa. Wa tatu ndiye huyo mjumbe, Mzee Melkizedeki, mzee wa kanisa, mkulima wa kahawa tangu shamba likiwa la baba yake, tunamwita Mzee Debe maana kila kitu anakipima kwa debe, mvua, watu, hata mahubiri. Jioni iliyofuata nilifika nimeshajiapia: nitamimina kahawa, nitafunga mdomo, Jumamosi itapita.

— Wazee, jana mlisikia? alianza Koikai kabla hata hajakaa. Maji ya Chai tumeingia hewani!

— Kwa ajali au kwa wizi? akauliza Mzee Debe.

— Kwa mapenzi.

— Basi kwa ajali.

— Sikia, Mzee. Wameliweka kwenye ukurasa wao, ninalo hapa. Mama Ami, nimiminie kwanza, hili halisomwi koo kavu.

Nikamimina. Akaiweka simu karibu na pua, akasoma kwa ile sauti yake ya kuuzia bangili, na mimi nikatazama makaa.

*Nyekundu nitakupa mkononi:*
*ni kikombe cha moto kabla hujanywa,*
*ni shavu la mwanao akiamka usingizini.*

*Kijani ni ubaridi wa jani la mgomba*
*ukililalia saa saba ya jua.*

*Nyeupe ni ladha, ni maziwa ya kwanza*
*mtoto anayoyalilia kabla hajajua jina lake.*

*Rangi ya chai ni meno yako ukicheka;*
*sijaona nyingine ikanipendeza hivyo.*

*Usiniulize gauni langu ni la rangi gani.*
*Shika upindo, nitakuambia.*

Nilitegemea wacheke. Hawakucheka. Harshad alikuwa ameshika kikombe hewani, hajanywa wala hajakitua. Mzee Debe alivua kofia, akaitazama ndani kama vile kuna kitu kimeandikwa humo, akaivaa tena. Kwa muda mfupi tu, naapa, hofu ilinitoka nikaona fahari, mimi, wa kidato cha nne, alama za Kiswahili nzuri na nyingine zote za kusikitisha, nimewanyamazisha watu watatu ambao hata mvua ya mawe haijawahi kuwanyamazisha.

— Hilo la maziwa, akasema Mzee Debe, limenishika hapa.

Akagusa kifua.

— Vina viko wapi lakini? akauliza Harshad. Shairi tulifundishwa lina vina.

— Kopo, wewe ulisoma shule gani ya mashairi? akauliza Koikai.

— Nilisoma Kijenge, darasa moja na watu waliokuwa mawaziri.

— Wakawa mawaziri, wewe ukawa kopo. Akili ni nywele.

Harshad ana upara. Tulicheka wote, na mimi nikacheka, nikadhani yameisha, mtu ataanza habari za mpira.

— Tumtafute, akasema Mzee Debe.

— Nani?

— Mwandishi. Redio imesema mama mmoja wa hapa. Mama wa hapa wangapi wanaandika? Debe moja halijai. Na mwanaume wake naye tumjue. Meno ya rangi ya chai, basi ni mzaliwa wa hapa.

— Mzee, hapa nani hana? Maji yetu yanapaka meno bure, bila fundi. Cheka kidogo tukuone.

Mzee Debe akakenua. Kahawia tupu, safi, meno ya mtu aliyekunywa mto huu tangu utoto.

— Basi ni wewe! akapiga kelele Koikai. Mzee Debe ana mpenzi!

— Nyamaza, mimi ni mzee wa kanisa.

— Mficha uchi hazai, Mzee.

— Nina watoto saba.

Nikamwaga kahawa kidogo kwenye makaa, pssst, hakuna aliyegeuka.

Harshad akakohoa kama mtu anayeanza kesi.

— Mimi nitawaambia. Rangi ni kazi yangu. Hapo kuna rangi nne. Nyekundu ya bati, kijani ya madirisha, nyeupe ya dari, kahawia ya milango. Huyu mama anajenga. Amefika hatua ya kupaka, na fundi wake amempendeza.

— Na gauni?

— Hapo ndipo penyewe! Wateja wangu wote wako hivyo. Hawajui jina la rangi. Anakuja na kitambaa, ananiambia, Harshad, usiniulize rangi gani, shika hiki, nitafutie kama hiki. Shika upindo! Huyu ni mteja wangu kabisa. Na anayeandikiwa...

Akarekebisha kola ya shati.

— Usiseme, akasema Koikai.

— Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ukiwahudumia vizuri, wanapenda. Anayeandikiwa ni mimi.

Kutoka ndani ya duka sauti ya Rekha ikatoka, ametulia, anahesabu misumari ya mtu:

— Muulize anataka lita nne au lita ishirini!

Ubao mzima ukatikisika. Mzee Debe alijifuta macho.

— Na meno yako ni meupe, Kopo, akasema. Umekuja hapa ukiwa mtu mzima na meno yako ya Kijenge. Shairi halikutaki.

— Kwanza, akaingia Koikai, mmekimbilia rangi ya mwisho mkaacha ya kwanza. Nyekundu nitakupa *mkononi*. Mkononi kunakaa nini? Bangili! Shanga nyekundu. Kwetu hiyo ni ya kwanza, ndiyo damu, ndiyo ujasiri. Kijani ni majani, afya ya nchi. Nyeupe ni maziwa, amesema mwenyewe. Huyu dada ni wa kwetu, au ameshaishi na sisi, na upindo anaousema ni wa shuka.

— Amesema gauni.

— Ameficha.

— Kwa nini afiche?

— Kwa sababu..., Koikai akatulia, akaangalia mlima, ulikuwa umefungwa na wingu mpaka kiunoni, na nikaona wazo linamjia kwa nguvu. Kwa sababu anayemwimbia si mtu. Ni ng'ombe.

— Mungu wangu, akasema Harshad.

— Sikilizeni! Mama zetu huwaimbia ng'ombe wakikamua. Joto, mkononi: unamkamua asubuhi, mkono unapata moto. Shavu la mwanao: ndama. Jani: chakula. Maziwa ya kwanza: si ni dang'a hiyo, ya ng'ombe aliyezaa jana? Kila kitu kimekaa! Chanda chema huvikwa pete.

— Na kucheka? Ng'ombe gani anacheka?

— Wa mama yangu alikuwa anacheka.

— Bei Poa, nenda kauze bangili.

Basi, nikajisema, hawa wakifika kwenye ng'ombe nimepona. Nikamgeuza Aminiel nimnyonyeshe, nikamimina duru nyingine bila kuombwa. Lakini Mzee Debe hakuwa amecheka kwenye ng'ombe. Alikuwa ameinamisha kichwa, vidole vyake vinasugua kitu ndani ya mfuko wa koti.

— Nyie mnacheza, akasema. Hii ni kahawa.

Nikarudisha birika juu ya jiko.

— Nyekundu, mkononi. Tunda bivu liko mkononi mwa mchumaji. Kijani, bichi. Nyeupe, ua la kahawa. Rangi ya chai, ikishakaangwa. Shairi hili ni la msimu, na msimu ndio huu, na Jumamosi ndiyo hii. Soma tena pale mwisho.

Koikai akasoma.

— *Usiniulize gauni langu ni la rangi gani. Shika upindo, nitakuambia.*

— Umesikia? Usiniulize rangi! Huyo mwanamke anamwambia mpokeaji. Nikileta debe langu usikague rangi, wewe pokea, mengine tutaelewana. Wanataka kutuingizia kahawa mbichi! Samaki mkunje angali mbichi, lakini kahawa mbichi haikunjwi wala haimenywi, inaharibu debe zima, na debe linaharibu gunia, na gunia linaharibu jina la chama.

— Mzee, kwenye redio? Mwizi atangaze kwenye redio?

— Ndiyo ujanja wenyewe. Nani angeshuku redio? Walio kwenye majina ni wawili, Joel na...

Akanitazama. Si kwa ubaya. Alinitazama kama mtu anayekumbuka yuko mbele ya nani.

— Samahani, mwanangu. Mumeo simshuku. Lakini shairi limeandikwa na mke wa mmoja wao, hilo silitoi kichwani. Jumamosi nitasimama niseme majina yote mawili yafutwe, tutafute mtu wa nje, wa Tengeru au wa wapi, asiye na mke mshairi.

Hapo ndipo nilipoona nimejifungia mlango nikiwa nje. Nikinyamaza, Bariki anafutwa kwa wizi ambao hata mimi nisingeweza kuutunga. Nikisema, anafutwa kwa macho yake. Aminiel ananyonya, ananishika kidole, nami nafikiri, Tabea, ulijiapia utafunga mdomo, na mdomo wako ndio umekufikisha hapa, basi uutumie vizuri. Nikatafuta maneno. Hayakuja. Nilikuwa na mashairi, sikuwa na sentensi.

Basi la kwenda Moshi likasimama ng'ambo, watu wakashuka kujinyoosha. Mama mmoja akavuka barabara, mtu mzima, shuka la zambarau, kiroba kichwani, viatu vya tairi. Koikai akasimama kwa adabu, akamsalimu Kimaasai.

— Takwenya, yeyo.

— Iko.

Akatua kiroba, akaniomba kahawa na kashata mbili, akakaa kwenye ukingo wa ubao kama watu wa safari wanavyokaa, nusu tayari kuondoka. Watatu hawakumngoja. Kopo anasema nyumba, Bei Poa anasema ng'ombe, Mzee anasema wizi. Yule mama akawasikiliza akitafuna.

— Mnabishania nini?

— Shairi, yeyo. La mapenzi. La rangi.

— Nisomee.

Koikai akamsomea, safari hii bila sauti ya kuuzia. Alipomaliza, yule mama akamwambia arudie lile la mgomba. Akarudia. Akanywa kahawa yake mpaka mwisho, akauliza tu, kama mtu anavyouliza bei ya nyanya:

— Kwani huyo anayeandikiwa, rangi hazioni?

Akapangusa makombo ya kashata mikononi.

— Nauliza, maana mtu anayeona, unamwambia tazama. Huyu anaambiwa shika, onja, lala. Mjomba wangu alikuwa haoni, ndivyo mkewe alivyokuwa anamwelezea ng'ombe. Mwekundu huyu ana joto hivi, mweusi yule ananuka hivi. Sasa huyu wa kwenye simu ni kipofu?

Koikai akaangalia simu kana kwamba jibu lingetokea hapo. Basi likapiga honi. Mama akanilipa, akajitwika kiroba, akamgusa Aminiel kichwani, akavuka. Sikumuuliza hata jina.

— Harshad! akaita Rekha. Njoo uteremshe kopo la juu, mimi sifiki.

Akaenda. Koikai akakumbuka kwamba kuna basi zima la watu hawajaona bangili, akakimbia, shanga zinalia kifuani. Tukabaki wawili, mimi na Mzee Debe, na birika.

Halafu akasema, bila kunitazama:

— Bariki hubonyeza.

Nikapuliza makaa.

— Nimemwona akinichumia shambani misimu yote. Kila tunda analibonyeza kabla hajalikata. Nilidhani ni madaha. Nikamwambia siku moja, kijana, unachuma kahawa au unaipima mapigo ya moyo? Akacheka.

— Baba...

— Na wewe leo umemwaga kahawa kwenye makaa. Hujawahi kumwaga.

Nikaona hakuna pa kukimbilia, na hapo ndipo, sijui niseme vipi, woga ukafika mwisho wake, kama maji ya birika yakiisha, ukabaki moto tu. Nikasema. Nikasema yote kwa pumzi moja, kwamba shairi ni langu, niliandika mgongoni mwa kalenda usiku ambao aliniuliza gauni langu jipya likoje nami nikasema jekundu akasema haya, kwa ile sauti ya mtu anayekubali kitu asichokijua, nikaumia, nikaandika ili awe na rangi ambazo ni zake, si za kudanganya, na sikutaka kumwibia mtu hata tunda moja, na si kipofu, anaona, ni hizo mbili tu.

— Nyekundu na kijani, akasema Mzee Debe.

— Ndiyo.

— Mwanangu. Kazi nzima ya mpokeaji ni nyekundu na kijani.

— Hapana, baba. Kazi nzima ni bivu na bichi.

Akageuka akanitazama.

— Una nini mfukoni? nikamuuliza, na sauti yangu ilinishangaza, niliongea naye kama na rika langu. Umekuwa ukisugua tangu ufike.

Akatoa. Matunda ya kahawa, kiganja kizima, aliyaokota akipita shambani, mikono ya mkulima haikai bure. Mengine mekundu, mengine yana ukijani, mengine nusu kwa nusu. Nikahesabu kumi nikayaweka kwenye sahani ya kashata.

— Fumba macho, baba.

— Mimi?

— Wewe. Miaka mingapi kwenye kahawa?

— Hamsini na mbili.

— Fumba. Mabivu kulia, mabichi kushoto.

Nilidhani atanikatalia, mzee wa kanisa, barabarani, watu wanapita. Akafumba. Akashika la kwanza, akalibonyeza, kulia. La pili, kushoto. La tatu alilisugua, akasita, akalinusa, kulia. Aminiel alikuwa anamtazama kama anatazama sinema. Alipomaliza kumi nikamwambia afumbue. Manne yalikuwa upande usio wao. Yale ya nusu kwa nusu yote yamemshinda.

— Manne, akasema.

— Misimu sita, baba. Umewahi kumrudishia debe?

— Sijawahi.

— Joel?

— Joel mara mbili mwaka jana.

Akayachukua matunda akayarudia tena, macho wazi sasa, anabonyeza moja moja, uso umekunjamana kama anasoma maandishi madogo.

— Sawa, akasema. Shambani sawa. Lakini pale mashineni jioni yanakuja madebe themanini, mwanangu, watu wamepanga foleni, mvua, kelele. Atabonyeza tunda moja moja mpaka Krismasi?

Hilo nilikuwa nimeshalifikiria. Nilifikiri kuanzia saa tano usiku mpaka jogoo.

— Wewe ukienda na debe, mpokeaji anatazama wapi?

— Anatazama debe.

— Juu. Macho yanatazama juu. Na mtu mjanja kahawa mbichi anaweka wapi?

Mzee Debe akarudisha matunda mfukoni.

— Anaweka kitakoni, baba, juu anatandaza nyekundu za kupendeza. Kila mtu anajua. Bariki hatatazama juu, juu hakumwambii kitu. Atazamisha mkono mpaka chini kabisa, achote kiganja, abonyeze, amalize. Na taa ikizimika atafanya vilevile. Mwambieni aonyeshe. Leteni madebe matano, mfiche mnavyojua kuficha, Joel atumie macho, Bariki atumie mkono. Akishindwa, mfuteni. Lakini mfuteni kwa kushindwa.

Mzee Debe alikohoa. Akakohoa tena, kikohozi kile hakikuwa cha kifua.

— Mpaka kitakoni?

— Mpaka kitakoni.

— Watu watamchukia.

— Watu gani, baba?

Akaangalia barabara. Akaangalia mlima. Nikamwona yule mzee wa kanisa, mjumbe wa kamati, mtu wa madebe hamsini kwa msimu, akihesabu kitu kimoyomoyo, halafu meno ya chai yakatokea kidogo kidogo, akashindwa kujizuia.

— Mwaka jana, akasema, mvua ilitukatia msimu, zilibaki mbichi mtini, nikasema zisioze bure. Mawili tu. Madebe mawili.

— Sijasikia, baba.

— Umesikia.

— Mtoto alikuwa analia.

Aminiel alikuwa kimya kama maji ya mtungi. Mzee Debe akacheka mpaka kofia ikaanguka. Nikaiokota, nikampa kwa mikono miwili, na hapo akawa mzito tena.

— Sikiliza, Mama Ami. Kuficha kwenye kamati siwezi. Chama si changu. Jumamosi Bariki atasimama mwenyewe aseme, macho yangu yako hivi, mikono yangu iko hivi, nijaribuni. Akisema yeye, mimi nitakuwa wa kwanza kuinua mkono ajaribiwe, na ya redio nitayafuta palepale. Akinyamaza, sitamsemea, lakini na kura yangu hana.

— Hajui kama shairi limesomwa. Alikuwa amelala.

— Basi leo una kazi.

— Nitamwambia leo. Kabla ya kula.

Nilisema hivyo na nikajua nitafanya. Atakasirika. Atanyamaza, jambo ambalo kwake ni baya zaidi. Nitamwekea mkono wake kwenye kikombe cha moto na nitamwambia mpaka mwisho. Aliyekuwa ameogopa maisha yake yote ni yeye, mimi nimeogopa usiku mmoja tu na umenitosha.

Koikai alikuwa anarudi kutoka kwenye basi, ameuza, anaimba. Mlangoni Harshad alikuwa ametokeza na kopo kubwa begani.

— Baba, nikamwambia haraka, na hawa wawili? Na ubao? Mpaka Jumamosi?

— Kopo aendelee na nyumba yake, Bei Poa na ng'ombe wake.

— Niapie.

— Mimi siapi, Biblia imekataza. Naahidi.

— Hata Mama Magreth, nyumbani?

Hapo akasita. Mke wake yule, miaka arobaini na mitano ya ndoa, nasikia hajawahi kufichwa hata bei ya chumvi. Koikai alishafika kwenye ukingo wa baraza. Mzee Debe akasogeza kikombe chake kwangu nikijaze, akainama, akanong'ona:

— Hata Mama Magreth. Ulichoniambia kimeishia hapa, mwanangu, mtu mwingine simwambii.